Mama Kutu na Kibarua Asiye na Mikono

Mwanamke anayefua mapazia yake mara nne kwa mwaka hastahili kuitwa kwa jina la uchafu. Séraphine wa Rågsved, mtaa wa Stockholm, ni mwanamke wa namna hiyo. Masufuria yake, yaliyotundikwa juu ya jiko katika ghorofa ya tatu, yanang'aa kiasi kwamba mgeni anaweza kujitazama humo na kuchana nywele. Hata hivyo, katika jumuiya yetu ya Wakristo tunaosali kwa Kiswahili, tangu majira ya kupukutika majani ya mwaka 2009, anaitwa Mama Kutu, naye huitika bila kinyongo. Wageni wanaposikia jina hilo hudhani ni dharau, wakatutazama kwa jicho la lawama. Si dharau. Jina alilipata kwa haki, kwa sababu kwa muda wa wiki tano alifuga kutu jikoni kwake, akaimulikia taa, na kila siku akaipeleka kazini ndani ya chupa ya pilipili. Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana likielezwa kwa haraka halisadikiki.

Séraphine alizaliwa Uvira, mahali ambapo mtu akifungua dirisha anaona ziwa. Alifika Stockholm pamoja na mumewe Norbert na watoto wawili, baada ya miaka ambayo yeye mwenyewe hupenda kuifupisha kwa maneno "tulipitia Kigoma". Alijifunza Kiswidi, akajifunza kazi ya kuhudumia wazee, kisha akaajiriwa katika nyumba ya wazee iliyo vituo vinne kutoka kwake kwa treni ya chini ya ardhi.

Ukumbini mwa chakula katika nyumba ile kulikuwa na tangi la samaki lenye urefu wa mita mbili. Maji yake yalikuwa ya chumvi, na ndani yake mlikuwa na matumbawe ya rangi nyingi, samaki sita na kamba wawili. Liliachwa na familia ya mzee mmoja aliyefariki. Mkuu wa nyumba, aliposoma kwamba Séraphine ametoka kando ya ziwa kubwa, alimkabidhi kazi ya kuwalisha samaki. Séraphine alimweleza kwa adabu kwamba samaki wa Uvira anaowafahamu vizuri ni wale waliokwisha kukaangwa. Mkuu alicheka, akampa ufunguo wa kabati la chakula cha samaki.

Mbele ya tangi hilo, katika kiti kisichokaliwa na mtu mwingine, alikuwa akila Mzee Axel. Umri wake ulikuwa miaka themanini na sita. Miaka arobaini na mmoja kati ya hiyo alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia melini. Kumbukumbu zake zilikuwa zimehama makao. Hakujua tena kwamba yuko nchi kavu. Ukumbi wa chakula kwake ulikuwa chumba cha kulia cha meli, na tangi lilikuwa dirisha lililo chini ya usawa wa bahari. Kila adhuhuri alitazama nje kwa dirisha hilo, akatangaza, "Bahari imetulia," kisha akala supu, viazi na vipande vitatu vya mkate. Hakuna aliyemsahihisha. Mzee anayekula vizuri hasahihishwi.

Mwezi wa tisa, vijidoa vilianza kuonekana kwenye kioo. Vilikuwa vyekundu kama tofali, vidogo kama punje za ufuta, na kwa nyuma vilikuwa na vijimkia viwili. Séraphine alivifuta. Kesho yake vilirudi vikiwa vingi zaidi. Katika wiki mbili vilitanda juu ya mawe, vikapanda matumbawe, na matumbawe, yakiwa yamezibiwa mwanga, yakajifumba kama ngumi.

Adhuhuri moja Mzee Axel alitazama dirishani, akaweka kijiko mezani.

"Kutu," alisema.

"Ni uchafu kidogo tu, mzee," Séraphine alimjibu. "Nitaufuta baada ya chakula."

"Nimekwangua kutu miaka arobaini na mmoja. Usinifundishe kutu."

"Basi kula kwanza, supu inapoa."

"Serahangi hali chakula huku meli inaliwa mbele ya macho yake. Ingekuwa aibu. Kwanza kutu iondoke."

Akasukuma sahani hadi katikati ya meza. Kuanzia siku hiyo alikubali kahawa na biskuti moja tu, kwa maelezo kwamba hivyo vinaruhusiwa wakati wa zamu ya ulinzi. Wahudumu walimhamishia kwenye meza inayotazama ukuta. Akasema amefungwa gerezani, akakataa hata kahawa. Wakalifunika tangi kwa kitambaa cha meza. Akasema tundu la meli haliwezi kuzibwa kwa kitambaa, akaenda chumbani, akarudi amejifunga mto kifuani kama boya la kuokolea maisha, na akawashauri wazee wengine wafanye vivyo hivyo. Wawili walimtii. Ilibidi kitambaa kiondolewe.

Katika siku kumi alipungua kilo tatu. Daktari alipomaliza kumpima alimwambia Séraphine pembeni kwamba mwili wa umri ule hauna akiba, na kwamba asipoanza kula hatafika Noeli. Séraphine ndiye aliyekuwa akimwogesha mzee huyo, na mbavu zake alikuwa akizihesabu kwa kitambaa. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Fundi wa matangi aliitwa. Aliinama, akatazama, akasema kwamba ile si kutu wala uchafu. Ni minyoo bapa, ambao huingia wakiwa wamejificha kwenye tumbawe jipya, kisha huongezeka kwa kujigawa: mmoja huwa wawili bila kuombana ruhusa. Dawa ipo, alisema, lakini mnyoo akifa hutoa sumu mwilini. Wakifa kumi si neno. Wakifa maelfu kwa siku moja, samaki wote watakufa pamoja nao. Kwa hiyo wapunguzwe kwanza.

Séraphine aliwapunguza. Kila asubuhi, saa nzima kabla ya zamu yake, aliwanyonya kwa mpira mwembamba. Siku ya kwanza alitoa kikombe kimoja. Siku ya pili alitoa kikombe na nusu. Siku ya tatu alitoa vikombe viwili, akatambua kwamba hesabu inamkimbia. Kikombe kimoja alikipeleka nyumbani ndani ya chupa tupu ya pilipili ili binti yake Aurore, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akionyeshe kwa mwalimu wake wa elimu ya viumbe. Aurore alikitazama, akasema neno moja la Kiswidi lisilofaa kuandikwa, akakiacha dirishani chini ya taa. Lakini ni huyo huyo Aurore aliyeleta suluhisho, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mamma," alisema kwa Kiswidi, "wenye matangi wanaandika hapa kwamba kuna koa wa baharini anayekula minyoo hao."

"Koa, yule konokono asiye na nyumba?"

"Ndiyo. Huyu ni mweusi, ana mistari ya buluu. Hali kitu kingine chochote duniani. Minyoo hao tu."

"Na akishawamaliza?"

"Anakufa njaa."

Séraphine alifikiri kidogo. "Basi huyo si koa," alisema. "Huyo ni kibarua."

Koa alipatikana Spånga, kwa mhasibu mstaafu aliyekuwa ameweka tangazo kwenye mtandao: koa mwenye njaa anatafuta nyumba yenye minyoo. Séraphine alikwenda na chupa kubwa ya chai, ile ya kuhifadhi moto, iliyosuguliwa ndani hadi harufu ya tangawizi ikatoka. Mhasibu alipima joto la maji mara mbili, akammimina koa taratibu, akafunga kifuniko. "Ni mfanyakazi hodari," alisema, "lakini leo ni siku ya nne hajala." Alitoa leso akafuta miwani yake, ambayo haikuwa na ukungu.

Ndani ya treni, Séraphine alikutana na Gaudiosa, mama wa Kirundi wa jumuiya yetu, aliyekuwa akitoka kusafisha ofisi tangu alfajiri.

"Yoo! Mama Aurore! Mungu hawasahau waja wake, na chupa ya chai umebeba! Koo langu limekauka kama gunia. Nimiminie."

"Si chai, dada Gaudiosa."

"Hata maji ya moto nitakunywa."

"Ni maji ya chumvi."

"Unaumwa koo?"

"Hapana. Ndani kuna koa."

Gaudiosa aliurudisha mkono aliokwisha kuunyosha. Aliitazama chupa, akamtazama mwenziwe, akasogeza mkoba wake magotini.

"Koa wa kula au wa dawa?"

"Wala. Ni kibarua. Ninampeleka kazini."

"Haya," alisema Gaudiosa, ambaye alikuwa ameishi Sweden miaka kumi na mmoja. "Ana karatasi?"

Kibarua alianza kazi siku ileile. Alikuwa na urefu wa kidole, mweusi kama mahameli, na pembeni mwake mlipita mstari wa buluu kama uzi wa taraza. Alishuka kwenye kioo akiinamisha kichwa, na pale alipopita palibaki safi. Mzee Axel, ambaye siku hiyo alikuwa hajala hata biskuti, alisogeza kiti.

"Nani yule?"

"Kibarua mpya, mzee. Amepanda leo."

"Anakwangua bila kelele," alisema Mzee Axel kwa sauti ya mtu aliyesubiri maisha yake yote kuona jambo hilo. "Vijana wote niliokuwa nao walipiga kelele." Akamtazama dakika ishirini. Kisha akaomba supu.

Siku ya kwanza alikula nusu bakuli. Wiki ya pili vilirudi viazi. Wiki ya tatu kioo kilikuwa wazi, matumbawe yalikuwa yamefumbuka, na vipande vitatu vya mkate vilikuwa vimerudi mahali pake. Mkuu wa nyumba alileta keki ya kijani, ile ya sherehe za Kiswidi. Wahudumu walipiga makofi. Séraphine peke yake hakuila keki yake, kwa sababu alikuwa akimtazama koa.

Kwao Uvira, mtu uliyemwita kulima hulishwa palepale ukingoni mwa shamba, kabla jembe halijaoshwa. Hili si jambo la hiari. Ukimwacha kibarua aende na njaa, watu husema shamba lenyewe litanuna, na msimu ujao litazaa majani. Séraphine alikuwa amesikia hayo tangu utotoni, naye sasa alimwona kibarua wake akipanda kioo na kushuka, akipanda na kushuka, akitafuta. Siku ya nne bila chakula alikuwa amekonda kama utepe.

Siku hiyohiyo Mzee Axel aliweka kijiko mezani.

"Kibarua amekula nini leo?"

"Mzee, wewe maliza viazi vyako..."

"Nimekuuliza swali."

Séraphine angeweza kudanganya. Wenzake walimwambia baadaye kwamba afadhali angedanganya. Lakini yeye husema kwamba mtu uliyemwogesha humdanganyi kirahisi.

"Hajala," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Mzee Axel aliisukuma sahani hadi katikati ya meza. "Katika meli yangu," alisema, "hakuna anayekula wakati mkwangua kutu ana njaa."

Hivyo mambo yakarudi yalipokuwa, ila kwa kupinduka. Mwanzoni mzee hakula kwa sababu kutu ilikuwepo. Sasa hakula kwa sababu kutu haikuwepo. Séraphine alimpa koa chakula cha samaki, naye koa akageuza kichwa. Alimpa jani la saladi, alimpa chembe ya kamba, hata chembe ya yai. Koa alivipita vyote kama mtu mkubwa anayepita karibu na watoto wanaocheza. Na mzani wa Mzee Axel ukaanza tena kushuka.

Ndipo alipoikumbuka ile chupa ya dirishani.

Minyoo walikuwa hai. Chini ya taa, bila kuhudumiwa na mtu, walikuwa wameijaza chupa hadi maji yakawa mekundu. Séraphine aliwagawa katika chupa mbili, kisha nne, kisha kumi na mbili, zote zikiwa chupa zake za pilipili, akawatilia maji ya chumvi na kuwaachia taa mchana kutwa. Kila siku ya kazi aliondoka na posho ndani ya chupa moja. Saa sita aliining'iniza bakuli ndogo ya kioo ndani ya tangi, ili minyoo wasitoroke, akamwingiza kibarua humo, akawamimina kwa ile sindano isiyo na ncha ambayo watoto hunyweshewa dawa. Siku alizopumzika, mwenzake wa zamu alifanya hivyo kwa posho iliyoachwa. Mzee Axel alitazama hadi mnyoo wa kwanza amezwe. Hapo ndipo aliposhika kijiko.

Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kwa kila mtu isipokuwa Norbert.

Norbert ni dereva wa basi, mtu mpole, na kwa muda mrefu hakudai kitu maishani ila pilipili ya mkewe iliyolowekwa katika mafuta na ndimu. Sasa chupa za pilipili zilikuwa na kazi nyingine. Tena ilikuwa mwezi wa kumi na moja, jua likitua kabla ya saa kumi alasiri, na dirisha la jiko lake liliwaka wekundu kuelekea mtaa mzima. Jirani mmoja wa Kiswidi alibisha hodi akauliza kwa upole mapambo yale mazuri ya Noeli yalinunuliwa duka gani. Norbert alimjibu kwamba ni kutu ya mke wake. Jumapili iliyofuata aliyarudia maneno hayo kanisani, na jina la Mama Kutu likazaliwa kabla ya wimbo wa pili.

Baada ya ibada, Norbert aliomba kikao. Tulipanga viti duara katika ukumbi tunaoukodi Rågsved, na Mzee Révérien akaombwa kusikiliza. Huko Makamba alikotoka, aliwahi kuwa miongoni mwa wapatanishi wa kilima chao, yaani kijiji chao, naye huichukulia kazi hiyo kwa uzito wote, hata shauri likiwa la kuegesha baiskeli.

"Mzee," alianza Norbert, "nyumba yangu ina watu wanne na minyoo elfu mbili. Tangu mwezi wa kumi sijaona pilipili. Mtu wa Uvira anakula samaki bila pilipili, hiyo nayo ni ndoa?"

"Mama Kutu, eh, Mama Aurore," alisema Mzee Révérien, "jibu."

"Ni kweli yote, mzee. Lakini kibarua akifa njaa, mzee wangu wa kazini hatakula. Naye asipokula, atakufa. Nimuue kwa sababu ya pilipili?"

"Sikusema umuue!" Norbert alisema. "Nimesema chupa. Angalau mbili."

Mzee Révérien aliinua mkono. "Tuanze mwanzo. Huyu koa ni mfugo au ni mfanyakazi?"

"Mfugo huchinjwa," Gaudiosa alidakia. "Huyo utamchinja wapi? Ana shingo?"

"Aliletwa kwa nini?"

"Kufanya kazi," alisema Séraphine.

"Akaimaliza?"

"Hakuacha hata mnyoo mmoja."

"Basi kosa lake ni kuwa hodari," alisema Mzee Révérien, na watu wakaguna kwa kukubali. "Nionavyo mimi, kibarua aliyemaliza shamba halishwi ukingoni mpaka azeeke. Hushibishwa siku ya kuondoka, akaonyeshwa shamba jingine. Mpe shamba jingine."

"Lipi, mzee? Nimewapigia simu watu wote wenye matangi ya bahari ambao Aurore amewaona kwenye mtandao. Kila mmoja anasema kwake hakuna minyoo. Mmoja alinikatia simu kana kwamba nimemuuliza kama ana chawa."

Ndipo, kutoka kiti cha nyuma, akasimama Zakayo.

Zakayo ni kinyozi kutoka Mbeya, mtanashati, ambaye hata kwenye harambee ya kuhama nyumba huja na tai. Katika saluni yake ya Fittja kulikuwa na tangi la bahari alilolisifu kwa miaka miwili bila kupumzika, ingawa siku za karibuni alikuwa amelitilia pazia. Alikohoa.

"Wapendwa," alisema, akitazama viatu vyake. "Na mimi ninao."

"Una nini, ndugu?" aliuliza Mzee Révérien.

"Minyoo."

"Sema kwa sauti," Gaudiosa alimhimiza. "Hapa ni nyumbani."

"Ninao minyoo! Tangu mwezi wa nane. Wateja waliniuliza kwa nini maji yangu yana rangi ya tofali."

"Na lile pazia?" Gaudiosa aliuliza.

"Niliwaambia samaki wanapumzika."

"Miezi mitatu, Zakayo!"

"Jamani, ningefanyaje? Mtu atakuja kunyolewa mahali penye minyoo?"

Mtu fulani, kwa mazoea, alisema Amina. Séraphine alikuwa amekwisha kuvuka duara. Alimshika Zakayo mikono yote miwili, akamshukuru kama anayemshukuru mtu aliyetoa damu.

Lilibaki jambo moja tu, nalo ndilo lililomtoa Séraphine jasho: je, kibarua akiondoka, Mzee Axel atakula? Jumatatu alimkabili waziwazi. Alikaa mbele yake, akamweleza kwamba kazi imekwisha, kwamba kuna meli nyingine huko Fittja iliyojaa kutu, na kwamba kibarua anahitajika.

Mzee Axel alisikiliza hadi mwisho. "Kitabu chake kimetiwa sahihi?" aliuliza.

"Kitabu gani, mzee?"

"Baharia hashuki bila kuandikiwa. Akishuka hivihivi, meli inayofuata itadhani amefukuzwa."

Séraphine alimkumbuka Gaudiosa ndani ya treni, akajilaumu kwa kutomsikiliza. Yeye mwenyewe alijua vizuri kwamba katika nchi hii mtu hodari asiye na karatasi ni mtu asiye na kazi. Jioni hiyo Aurore, akilalamika kwa Kiswidi kwa kila sentensi, alipiga chapa cheti cha kazi kama kile anachopewa mfanyakazi yeyote. Maneno yalikuwa ya Mzee Axel, ambayo Séraphine aliyanakili mchana: "Mwenye bidii. Hapigi kelele. Hanywi. Amekwangua meli nzima peke yake, na hakuacha zana zikizagaa." Palipotakiwa jina waliandika Kibarua. Asubuhi mkuu wa nyumba alikisoma cheti kwa makini, akauliza tu kama tarehe ya kuanza kazi ni sahihi, akatia sahihi na mhuri. Mzee Axel naye alitia sahihi chini, kwa herufi ndefu zisizotetemeka.

"Meli anayopanda ina kutu kweli?" aliuliza kalamu ikiwa bado mkononi.

"Huwezi kuona ndani, mzee."

"Ana bahati," alisema.

Zakayo alifika akiwa na tai. Kibarua alimiminwa ndani ya chupa ya chai, na Séraphine akamkabidhi Zakayo pia mfuko wenye minyoo wote wa jikoni kwake, wawe posho ya safari. Mzee Axel alisimama wima, akapiga saluti hadi mlango ulipofungwa.

Saa sita supu iliandaliwa. Wahudumu walijipanga mlangoni mwa jiko wakijifanya wanafuta vijiko. Mzee Axel alikitazama kioo, ambacho kilikuwa safi. Akaitazama supu. Mikono yake ilibaki magotini.

"Amekula huko alikokwenda?"

Séraphine alitoa simu yake mfukoni akampigia Zakayo. Ukumbi mzima ulimsikia akiuliza kwa Kiswahili, na ingawa ni yeye tu aliyekifahamu, kila mtu aliacha kutafuna.

"Zakayo, ameanza?"

"Dada, tangu nimmimine hajainua kichwa! Anakula kama aliyetoka kwenye mfungo. Nimefungua pazia, wateja wamesimama wanamtazama, hakuna anayetaka kunyolewa!"

Séraphine alitafsiri neno kwa neno, pamoja na wateja.

Mzee Axel alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, kama mtu aliyetabiri hivyo. Aligeukia dirisha lake. Samaki mmoja wa manjano alipita.

"Bahari imetulia," alisema, akashika kijiko. Alimaliza supu, akamaliza viazi, na alipomaliza kipande cha tatu cha mkate aliomba cha nne, akisema kuna safari ndefu mbele.

Jioni hiyo, Rågsved, dirisha la jiko la Séraphine halikuwaka wekundu. Norbert alikaa mezani akikatakata pilipili huku machozi yakimtoka, naye akakana kwamba ni machozi ya furaha. Séraphine alizichemsha chupa zote kumi na mbili, akazisugua kwa magadi, akazisuuza mara tatu, akazianika kifudifudi juu ya kitambaa. Zilipokauka, alichukua moja, akainusa, akaishindilia pilipili hadi shingoni, akamimina mafuta, akakamua ndimu, akakaza kifuniko na kukifuta kwa pembe ya aproni yake.